Sauti ya Mmoja, Mikono ya Wengi: Uhakiki wa Usawiri wa Kujitegemea Kiuchumi kwa Mwanamke Fukara katika Wasifu wa Siti Binti Saad

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Shaaban Robert anavyosawiri safari ya mwanamke fukara kuelekea kujitegemea kiuchumi katika Wasifu wa Siti Binti Saad. Usomaji uliozoeleka humwona Siti kama mfano wa mtu aliyejikwamua kwa kipaji, subira na bidii yake mwenyewe. Makala inadai kwamba usomaji huo umeegemea sauti ya mawaidha na kupuuza ushahidi wa visa vyenyewe. Visa vinaonesha kwamba kila hatua ya Siti kutoka katika ufukara ilipitia mikono ya watu wengine: waliomfundisha, waliopiga ala pamoja naye na waliomsikiliza. Kwa kuongozwa na mawazo ya ufeministi wa Kiafrika, makala inachambua hatua nne za safari hiyo, inaonesha mipaka ya wasifu kama utanzu, kisha inaeleza kwa nini tofauti baina ya somo la bidii na somo la ushirika ina uzito kwa wanawake wa kipato cha chini wanaojiunga na vikundi vya fedha hivi leo. Hitimisho ni kwamba kujitegemea kunakoelezwa na matini hii ni aina mahususi ya kutegemeana, na kwamba mhakiki anayeitenganisha dhana moja na nyingine hupotosha maana ya kazi.

1.0 Utangulizi

Kazi chache za fasihi ya Kiswahili zimetumika kufundishia maadili ya kazi kama ulivyotumika Wasifu wa Siti Binti Saad. Kazi hii, iliyochapishwa mwaka 1958 ikiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na baadaye kutolewa kama kitabu, imesomwa shuleni kwa miaka mingi. Jina la mhusika wake limevuka mipaka ya fasihi. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Siti, kwa hiyo, si mwimbaji wa kale tu. Ni hoja inayotumiwa kila inapotakiwa kuthibitishwa kwamba mwanamke aliyezaliwa bila kitu anaweza kufika mbali.

Tatizo linaloshughulikiwa na makala hii linatokana na matumizi hayo ya jina lake. Swali la msingi ni hili: Siti anathibitisha hoja ipi hasa? Ikiwa anathibitisha kwamba bidii ya mtu binafsi inatosha, basi mwanamke anayefanya bidii na kubaki fukara hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Ikiwa anathibitisha jambo jingine, basi jambo hilo linapaswa kutajwa wazi, kwa sababu mafunzo yanayotolewa kwa jina lake huwafikia wasichana na wanawake ambao hali zao hazitofautiani sana na hali aliyoanzia yeye.

2.0 Matini na Muktadha Wake

Siti Binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake asili ya Kizigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa; Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, ni jina alilopata ukubwani. Utumwa kisiwani Unguja ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897, lakini masuria hawakuhusishwa na sheria hiyo hadi mwaka 1909. Mabadiliko ya jina kutoka Mtumwa hadi Siti yanabeba, katika maneno mawili, historia ya tabaka zima la watu waliotafuta hadhi mpya katika mji wa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20.

Kazi yake ya awali ilikuwa ufinyanzi, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza hadi mjini. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin. Taarabu ya wakati huo ilikuwa bado na harufu ya ikulu. Iliingizwa wakati wa utawala wa Sultani Barghash, aliyempeleka mtu Misri kujifunza muziki, na kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kiliiendeleza miongoni mwa wanaume wa mjini waliopenda kuimba kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na ndani yake akaweka habari za mitaani. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, ambako walirekodi santuri kwa kampuni iliyotumia nembo ya His Master's Voice. Alifariki mwaka 1950. Kabla ya kifo chake alikutana na Shaaban Robert, ambaye alimhoji na kuandika habari zake.

Mwandishi wa wasifu, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alikuwa tayari na falsafa yake ya utu, haki na subira. Falsafa hiyo inaonekana katika wasifu huu sawa na inavyoonekana katika kazi zake nyingine: maisha yanasimuliwa ili yafunze. Kutokana na sifa hiyo, matini ina tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la visa: mahali, watu, safari, nyimbo na mashindano. Tabaka la pili ni la mawaidha, ambamo msimulizi anatoa maana ya visa hivyo. Uhakiki wa makala hii umejengwa juu ya nafasi iliyopo baina ya tabaka hizo mbili.

3.0 Kiunzi cha Uhakiki

Makala inaongozwa na mawazo ya ufeministi wa Kiafrika, hususani yale yaliyotolewa na Filomina Chioma Steady mwaka 1981 na Obioma Nnaemeka mwaka 2004. Steady anasisitiza kwamba ukombozi wa mwanamke wa Kiafrika hauwezi kutenganishwa na hali ya kiuchumi na historia ya kunyonywa kwa jamii yake nzima. Nnaemeka anaeleza ufeministi wa majadiliano, yaani ule unaopatana, unaotoa na kupokea, na unaojua lini pa kuvunja kizuizi na lini pa kukizunguka. Mihimili miwili ya mawazo hayo inafaa hapa: kwamba ushirika ni rasilimali, na kwamba mwanamke anaweza kupata nafasi yake kwa kushirikiana na wanaume bila kuwa mali yao.

Pamoja na mawazo hayo, Kiswahili chenyewe kina dhana zinazosaidia uchambuzi. Upatu ni jina la ala ya shaba inayogongwa katika ngoma, na pia ni jina la utaratibu wa kuchangishana fedha na kupeana kwa zamu. Watu huucheza upatu, kama wanavyoicheza ngoma. Asili yoyote ya mkutano huo wa maneno, wasemaji wa lugha hawakuona ajabu kuita kwa jina moja kitu kinachotoa mlio na kitu kinachotoa fedha, na kutumia kitenzi kimoja kwa shughuli mbili zinazodai zamu, hadhari na kuaminiana. Kikoa, kwa upande wake, hutaja chakula au kazi inayozunguka kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine. Hisani ni tofauti: humfanya mpokeaji awe mdeni wa fadhila asiyeweza kulipa. Tofauti baina ya ushirika na hisani itarejewa mara kadhaa katika uchambuzi, kwa kuwa ndiyo inayoamua iwapo Siti alijitegemea au alibadilisha mabwana tu.

4.0 Uchambuzi

4.1 Chungu na Mipaka ya Bidii

Hatua ya kwanza ya maisha ya kiuchumi ya Siti ni hatua ya bidii tupu. Mfinyanzi huchimba udongo, huukanda, huumba chombo, hukianika na kukichoma. Baada ya hapo Siti alipaswa kukibeba kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini. Hakuna sehemu ya kazi hiyo inayoweza kuitwa ya uvivu. Hata hivyo, kazi hiyo haikumtoa katika ufukara, na sababu zake zimo ndani ya kazi yenyewe.

Kwanza, kipato cha mchuuzi wa vyungu kina ukomo unaowekwa na mwili wake. Hawezi kuuza zaidi ya mzigo anaoweza kuubeba. Pili, bidhaa yake inavunjika, na hasara ya njiani ni yake peke yake. Tatu, nguvu yake katika kupatana bei ni ndogo. Jua linapoelekea kuchwa, mchuuzi mwenye vyungu vilivyobaki ana njia mbili: kuvirudisha kichwani hadi kijijini au kukubali bei ya mnunuzi. Nne, ufinyanzi ni ujuzi unaopatikana kwa wanawake wengi wa pwani, na kwa hiyo mnunuzi asiyeridhika na mmoja humwendea mwingine.

Hoja hii ni muhimu kwa sababu somo la bidii linahitaji hatua ya kwanza iwe ya uzembe na hatua ya mwisho iwe ya juhudi. Maisha ya Siti hayakufuata mpango huo. Alifanya kazi ngumu alipokuwa fukara, na alifanya kazi ngumu alipokuwa na jina. Kilichobadilika baina ya hatua hizo si kiasi cha juhudi bali watu waliomzunguka na bidhaa aliyopeleka sokoni. Hata sauti yake, ambayo msomaji hupenda kuiona kama karama iliyoshuka bila sababu, ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu. Soko la udongo ndilo lililoitangaza kabla ya soko la nyimbo kuinunua.

4.2 Ujuzi kama Mkopo wa Muda Mrefu

Siti alihamia mjini bila elimu ya shule wala ya chuo cha Kurani. Mafunzo aliyopewa na Ali Muhsin yalikuwa ya uimbaji pamoja na matamshi ya Kiarabu, lugha ambayo bila hiyo hakuna aliyeweza kuingia katika baraza za taarabu za wakati ule. Kwa maneno ya kiuchumi, alipewa mtaji. Lakini mtaji huo ulikuwa na sifa tatu ambazo mkopo wa fedha hauna: haukuweza kunyang'anywa, haukupungua ulipotumiwa, na haukudai marejesho kabla ya kuzaa.

Sifa ya tatu inahitaji kutazamwa kwa makini. Kati ya kuhamia mjini mwaka 1911 na kurekodi santuri mwaka 1928 kuna miaka 17. Mwanamke aliyefika mjini akiwa na umri wa takribani miaka 30 alikaribia miaka 50 alipofika Bombay. Katika kipindi hicho alijifunza, alitumbuiza, alidhihakiwa na alijijengea wasikilizaji. Msimulizi anakiita kipindi cha namna hii subira, na kwa mtazamo wa maadili neno hilo ni sahihi. Subira, hata hivyo, ina gharama. Mtu anayesubiri anakula, analala mahali, na anahitaji watu wanaoendelea kumwamini kabla hajatoa faida. Kuiita subira sifa ya nafsi ya Siti pekee ni kufuta jina la kila aliyelipia muda huo.

Je, ufadhili huo haukuwa hisani tu? Swali ni la haki, kwa kuwa mwalimu alikuwa mwanamume wa mjini mwenye ujuzi na mwanafunzi alikuwa mwanamke wa shamba asiye na kitu. Jibu linapatikana katika matokeo. Hisani humfunga mpokeaji kwa mtoaji, ilhali ujuzi wa Siti ulimwezesha kuimba na wapiga ala wengine, mbele ya wasikilizaji wengine, na hatimaye kwa lugha nyingine. Alichofundishwa ni matamshi ya Kiarabu. Alichokuja kujulikana nacho ni taarabu ya Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kukibadilisha alichopewa hadi kikawa chake hajabaki katika mikono ya mfadhili.

4.3 Kikundi na Kugawana Hatari

Majina ya waliofanya kazi na Siti yamehifadhiwa: Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Jambo hili si dogo. Wasifu unaotaka kumtukuza mtu mmoja ungeweza kuwaacha wapiga ala wake bila majina. Kuwepo kwao katika kumbukumbu ni ushahidi kwamba sauti hiyo haikuwahi kusikika peke yake.

Taarabu kwa maumbile yake ni kazi ya wengi. Udi, fidla na dafu huhitaji mikono. Mashairi huhitaji watungaji. Mazoezi huhitaji mahali. Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa mjini Zanzibar baada ya utumwa, anaeleza jinsi nyimbo za kikundi hiki zilivyokua kutokana na mazungumzo ya kila siku ya watu wa mitaa. Kwa hiyo hata utungaji, ambao nadharia za kimapenzi za sanaa huuona kama tendo la upweke, hapa ulikuwa na sura ya kikoa: habari iliingia kutoka mtaani, ikazungumzwa, ikatiwa katika mizani na ikarudishwa mtaani ikiwa wimbo.

Kikundi kiligawana pia hatari. Mfano ulio wazi ni tukio la kudhihakiwa. Washindani wa Siti walimsuta kwa sura yake, kwa asili yake ya shamba na kwa kaniki, vazi lililonasibishwa na ufukara na utumwa. Dhihaka ya namna hiyo ni silaha ya kiuchumi, kwani mwimbaji anayeaibishwa hupoteza mialiko. Siti alijibu kwa wimbo unaoshusha thamani ya sura na nasaba na kupandisha ile ya akili na ujuzi. Msimulizi anaufurahia ujasiri wa jibu hilo, na ana haki. Lakini jibu lililotolewa kwa wimbo lilihitaji udi na watu wa kuuitikia. Mfinyanzi aliyetukanwa njiani akiwa na mzigo kichwani asingekuwa na jukwaa la kujibia. Ujasiri ulikuwa wa Siti. Uwezo wa ujasiri huo kusikika ulikuwa wa kikundi.

Mhakiki anaweza kupinga kwamba kikundi hiki kilikuwa cha wanaume, na kwamba mwanamke anayenyanyuka kwa msaada wa wanaume hajathibitisha nguvu ya ushirika wa wanawake. Pingamizi hili lina uzito, na litarejewa katika sehemu ya 5.0. Kwa sasa inatosha kusema kwamba, kwa mtazamo wa Nnaemeka, kigezo si jinsia ya washirika bali masharti ya ushirika. Kikundi kilijulikana kwa jina la Siti, na sauti yake ndiyo iliyokuwa nguzo ya kipato cha wote. Wapiga ala walimhitaji kama alivyowahitaji. Kutegemeana kwa namna hiyo ndiko kunakomtofautisha mshirika na mtumishi.

4.4 Ng'ambo kama Hadhira na kama Soko

Hatua ya nne inahusu wasikilizaji. Siti aliimba katika majumba ya wakubwa, lakini uzito wa jina lake ulitoka Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na watu wa kipato cha chini, wakiwemo wengi waliotoka katika utumwa na vizazi vyao. Wengi wao walimiliki vibanda na nyumba zao bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, na wanawake walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Hao ndio watu waliozisikiliza nyimbo za Siti kuhusu mahakama, udanganyifu na dhuluma dhidi ya wanawake. Walimwelewa kwa sababu aliimba kesi zao.

Uamuzi wa kuimba kwa Kiswahili, kwa hiyo, ulikuwa pia uamuzi wa soko. Taarabu ya Kiarabu iliwategemea wafadhili wachache wenye fedha nyingi. Taarabu ya Kiswahili iliwategemea watu wengi wenye fedha kidogo. Msanii wa ikulu anaweza kufilisika kwa kukasirikiwa na mtu mmoja, ilhali msanii wa mtaa hawezi kufukuzwa na mtaa mzima kwa siku moja. Hapa ndipo kujitegemea kwa Siti kulipokamilika kwa maana ya kiuchumi: hakuacha kuwategemea watu, bali aliwategemea watu wengi kiasi kwamba hakuna mmoja wao aliyeweza kumwamuru. Santuri za mwaka 1928, zilizosikilizwa katika nyumba na mikahawa ya pwani, zilipanua msingi huo hadi nje ya Unguja. Sauti iliyotembea kwa miguu kutoka Fumba sasa ilisafiri bila mwenyewe kubeba mzigo.

5.0 Mipaka ya Usimulizi

Ikiwa visa vinasema hivyo, kwa nini usomaji wa bidii binafsi umeshinda? Sababu ya kwanza ni utanzu. Wasifu huanza na kuzaliwa kwa mtu mmoja na kuishia na kifo chake. Umbo hilo humweka mhusika mkuu katikati na kuwafanya wengine wote kuwa mazingira. Hata mwandishi anayewataja washirika kwa majina hawezi kuwapa maisha yao bila kuvunja umbo la kazi. Sababu ya pili ni falsafa ya Shaaban Robert, ambayo hupima mtu kwa fadhila za nafsi. Utu wake unaikumbatia jamii yote, lakini unaiingilia jamii kupitia mlango wa tabia njema ya mtu mmoja mmoja. Sababu ya tatu ni shule. Swali la mtihani linaloanza kwa kumtaka mwanafunzi aeleze sifa za Siti haliwezi kupata jibu kuhusu kikundi.

Kuna pengo jingine ambalo ni zito zaidi. Majina yaliyobaki ya waliomzunguka Siti katika kazi yake ni ya wanaume. Wanawake wa Ng'ambo, waliokuwa wasikilizaji wake na ambao mikasa yao iliingia katika nyimbo, hawana nafasi ya kutenda katika masimulizi. Pengo hili haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba wanawake hawakuwa na ushirika. Utafiti wa Strobel wa mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa unaonesha kwamba vyama vya lelemama vilikuwa na uongozi, michango na mashindano, na viliwakutanisha wanawake wa asili mbalimbali. Zanzibar nayo ilikuja kuwa na vikundi vya taarabu vya wanawake kama Nuru el-Uyun. Utamaduni wa kuchangiana ulikuwepo pwani nzima. Kilichokosekana ni kalamu iliyouona kuwa habari ya kuandikwa.

Ni haki pia kutambua kwamba ushirika haukuwa wema mtupu. Mashindano ya lelemama yaliwagharimu wanachama fedha nyingi kwa ajili ya sare, karamu na sifa. Washindani waliomsuta Siti nao walitumia sauti ya kundi. Kundi linaloweza kumwinua mwanamke linaweza vilevile kumwadhibu, na mhakiki anayelisifu kundi bila kutaja upande huo anabadilisha ngano moja kwa nyingine.

6.0 Uzito wa Somo kwa Wakati Huu

Tofauti baina ya usomaji huu miwili si ya darasani pekee. Nchini Tanzania, wanawake wengi wa kipato cha chini wamo katika vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vilitambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kama daraja la nne la watoa huduma. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kando ya mifumo hiyo imeenea mikopo ya riba kali ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Lugha ya mtaani, kama ilivyokuwa katika nyimbo za Ng'ambo, imelitaja tatizo kabla ya ripoti.

Lugha rasmi inayotumika kuwahamasisha wanawake hao mara nyingi ni lugha ya bidii: jitume, thubutu, jikwamue. Siti hutajwa kama kielelezo. Lakini ukisoma visa vya maisha yake, masharti yaliyomwezesha ni tofauti na masharti wanayopewa wao. Yeye alipata ujuzi kabla ya deni. Wao hupewa deni na kuambiwa watafute ujuzi. Yeye alikuwa na miaka 17. Wao wana rejesho la wiki. Kikundi chake kilizalisha kitu pamoja na kukiuza pamoja. Vikundi vingi vya mikopo hukusanya na kugawa fedha, kisha kila mwanachama huenda peke yake sokoni, ambako huuza kitu kilekile anachouza jirani yake. Kwa maneno mengine, hurudi kwenye hali ya mfinyanzi wa Fumba, tofauti ikiwa kwamba sasa chungu chake kina riba.

Dhamana ya kikundi nayo inahitaji kutazamwa kwa jicho hilohilo. Karim, katika utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu mikopo midogo nchini Bangladesh, anaonesha jinsi aibu ya mwanamke mbele ya majirani ilivyogeuzwa kuwa njia ya kukusanyia madeni. Wenzake wanaomdhamini hulazimika kuwa wakusanyaji wake. Katika maisha ya Siti, aibu ilikuwa silaha ya washindani, na kikundi kilikuwa ngao yake. Pale kikundi chenyewe kinapoanza kuishika silaha hiyo, neno ushirika hubaki, lakini kazi yake huwa imebadilika. Mhakiki wa fasihi hana utaalamu wa kupanga riba, ila anaweza kuonesha kwamba mfano unaotumiwa kuhalalisha mpango fulani hauungi mkono mpango huo.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba Wasifu wa Siti Binti Saad una tabaka mbili zisizolingana. Mawaidha yake yanaelekeza kwenye fadhila za mtu binafsi. Visa vyake vinaelekeza kwenye mtandao wa mwalimu, wapiga ala na wakazi wa Ng'ambo. Kipaji na bidii vya Siti havikanushwi. Kinachokanushwa ni dai kwamba vilitosha, kwani vyote viwili alikuwa navyo njiani kutoka Fumba, na bado aliendelea kuwa fukara. Vilianza kumtajirisha vilipokutana na ujuzi usiodai marejesho ya haraka, kikundi kilichomhitaji kwa masharti ya usawa, na soko la watu wengi ambalo hakuna bwana mmoja aliyelitawala.

Matokeo haya yana maana mbili kwa tafiti zijazo. Katika uhakiki wa wasifu na tawasifu za Kiswahili, ipo haja ya kuwasoma wahusika wadogo kama wazalishaji wa maisha yanayosimuliwa, badala ya kuwachukulia kuwa mapambo ya mhusika mkuu. Katika ufundishaji, swali kuhusu sifa za Siti linapaswa kufuatwa na swali la pili: ni nani waliofanya kazi ili sifa hizo zilipe, na ni kwa masharti gani? Msichana atakayelijibu swali hilo atatoka darasani na kipimo cha kukipimia kikundi atakachoalikwa kujiunga nacho siku moja, kabla hajaweka sahihi kwenye daftari lake.